Kabeba Vipi?

Mwaka 1988 mdogo wangu alichapwa fimbo nne kwa kosa la kuchora. Yeye alikuwa darasa la pili, mimi la sita, katika shule moja ya msingi mjini Tanga ambayo siitaji kwa sababu mwalimu mwenyewe ana wajukuu wanaopenda kusoma. Kitabu cha kusoma kilikuwa mali ya shule, kimoja kwa watoto watatu, na katika ukurasa mmoja palikuwa na msichana aliyejitwika ndoo ya maji, mkono mmoja umeishika ndoo, mwingine unaning'inia tu. Mdogo wangu alichukua bic ya buluu akamchorea yule msichana magongo mawili. Kisha akaona mikono haitoshi. Akaifunika ndoo kwa wino mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, akachora dumu mgongoni, limefungwa kwa kanga kama mtoto.

Niliitwa kutoka darasani kwangu ili kaka mtu ashuhudie. Mama alilipa gharama ya kitabu kwa awamu mbili. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alikwenda shuleni siku ile awamu ya pili ilipolipwa akarudi na kitabu kwapani. "Tumelipa, basi ni chetu," alisema. Kwa hiyo kitabu cha kwanza cha Kiswahili nilichowahi kukiona chenye picha ya mtoto mwenye ulemavu asiyekuwa ombaomba wala mgonjwa kilichorwa na mdogo wangu mwenyewe, na tulitozwa kwa ajili yake.

Na alichora sawasawa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akichota maji. Bomba lilikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu, dumu lake lilikuwa la lita tano la mafuta ya kupikia, na kanga ilifungwa fundo chini ya kifua ili isimkabe. Mwalimu alisema mtoto wa magongo hawezi kuchota maji. Sikumbuki kama kuna mtu alimjibu.

Alizaliwa 1979, akatambaa, akasimama, akatembea kama wenzake. Alipokuwa na miaka miwili alishikwa na homa, ikamlaza siku tatu. Siku ya nne homa iliondoka, na miguu ikaondoka nayo. Polio huingia kwa mdomo, kwa maji au chakula kilichochafuliwa, na mara chache, katika watu wengi inaowapitia bila madhara, huvamia mishipa ya fahamu kwenye uti wa mgongo. Chanjo ilikuwepo, matone mawili tu mdomoni. Mama aliishi akikumbuka siku ya matone aliyoikosa kwa sababu tulikuwa msibani Pangani. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili alionekana nchini mwaka 1996, na mwaka 2015 Tanzania ilipewa cheti cha kuitokomeza. Mdogo wangu alipoisikia habari hiyo redioni alisema, "Basi mimi nimekuwa mambo ya kale."

Magongo yake ya kwanza yalitengenezwa na fundi seremala wa mtaani kwa mabaki ya mninga. Chini aligongelea vipande vya raba ya tairi. Raba ikilika, gongo huteleza kwenye sakafu ya saruji, hasa iliyopigwa maji, na mtu huenda chini na meno yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikizikata zile raba kwa kisu cha jikoni, kila baada ya miezi miwili hivi. Nalieleza hili kwa sababu nilipokuja kulipwa kuchora nililisahau lote.

Mtaani walimwita kiwete. Hawakusema kwa ubaya siku zote, ilikuwa njia ya kumtofautisha na msichana mwingine wa jina lake aliyekaa jirani. Mwalimu wa sarufi atakwambia kiwete, kipofu, kiziwi na kilema yamekaa katika umbo moja na kiti na kikombe, ingawa upatanisho wake ni wa mtu: kipofu amefika, si kipofu kimefika. Sarufi yenyewe imeona aibu nusu. Siku hizi tunaandika mtu mwenye ulemavu, asiyeona, mwenye ualbino badala ya zeruzeru, na sina ugomvi na hilo. Lakini viziwi wenyewe wamebaki na neno lao, chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, na nadhani wanajua wanachokifanya.

Kilichonisumbua zaidi ya majina ni ile methali. Mtoto akimcheka mdogo wangu barabarani, mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu alimkemea: hujafa hujaumbika. Walikuwa wanamtetea, na Mungu awalipe. Ila hebu isikilize methali hiyo kwa masikio ya mtoto wa miaka tisa anayeoneshwa kidole. Yeye ndiye lile jambo linaloweza kukupata usipoangalia. Vitabu vingi nilivyokuja kuvisoma baadaye, vya kwetu na vya wenzetu, vimeandikwa kwa methali hiyohiyo ikiwa imevalishwa nguo nyingine.

Nilianza uchoraji kwa mabango ya saluni na vioo vya daladala. Vitabu vilikuja baadaye, katika miaka ile ambayo wachapishaji wetu walianza tena kuthubutu kutoa hadithi za watoto kwa Kiswahili. Sehemu kubwa ya uthubutu huo ilitokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, ambao ulikuwa ukinunua sehemu ya nakala za kitabu kilichopita mchujo wake na kuzipeleka shuleni. Mchapishaji akawa na uhakika wa kurudisha walau gharama ya karatasi. Sisi wachoraji tulilipwa kwa picha. Picha kumi, kurasa 24, pini mbili katikati.

Kazi yangu ya tatu au ya nne ilikuwa hadithi ya msichana aliyepooza miguu. Mswada niliukuta umekwisha: msichana anachekwa, analia, anasoma kwa bidii, anafaulu mtihani, kijiji kinajuta na kumpigia vigelegele. Nilifurahi. Nilijiona mimi, kati ya wachoraji wote wa Dar es Salaam, ndiye niliyestahili kupewa hadithi hiyo. Nilimchora ameketi mavumbini, machozi makubwa kama mbegu za ubuyu. Mwishoni nikamsimamisha kilimani, jua likichomoza nyuma yake, na miale ikamzunguka kichwa. Kitabu kilipotoka nilipanda basi hadi Tanga kumpelekea mdogo wangu nakala, nikiwa nimeiandika kwa ndani.

Wakati huo alikuwa anashika hesabu katika duka la vipuri vya magari. Aliweka kikokotoo pembeni, akafungua ukurasa mmoja mmoja, akirudi nyuma mara mbilitatu. Mimi nilikuwa nasubiri machozi.

"Kaka, huyu ana mikono mitatu."

Alinionesha. Ukurasa wa 14 msichana yuko njiani kwenda shule, magongo mawili yamemkaa kwapani, na anampungia rafiki yake mkono. Mkono wa kulia umeshika gongo. Wa kushoto umeshika gongo. Wa kupunga umetokea nyuma ya bega, na nilikuwa nimeufunika kwa ukosi wa sare bila kujijua.

"Na madaftari? Kabeba vipi?"

Hakukuwa na mkoba. Katika kitabu kizima kuhusu mtoto anayesoma kwa bidii, hakuna picha hata moja inayoonesha daftari linafikaje shuleni.

Aliendelea, kwa sauti ileile ya kusoma ankara. Magongo ni marefu, yanamnyanyua mabega, atakufa ganzi mikono kabla ya mtihani. Kati ya kwapa na kichwa cha gongo panatakiwa papite vidole vitatu, uzito unabebwa na viganja. Anatembeaje huyu? Miguu yote miwili imepooza lakini umemchora anapiga hatua, mguu huu mbele, ule nyuma, kama askari. Sisi tunatanguliza magongo, halafu mwili unafuata kwa kubembea. Raba ziko wapi? Kisha akafunga kitabu na kuuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Halafu analia nini kila saa? Mimi nililia lini?"

Nikamwambia nakumbuka alilia. Alilia sana siku moja.

"Siku mlipokwenda kuoga baharini Raskazone mkaniacha na bibi," akasema. "Hiyo ungeandika ningeelewa."

Nakala zilishasambazwa. Hadi leo kuna maktaba za shule ambako yule msichana anapunga mkono wa tatu, na kwa kadiri ninavyojua hakuna mwalimu aliyewahi kulalamika. Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba makosa yangu hayakuwa ya mkono. Nilikua naye chumba kimoja, nilimkatia raba, nilimfunga ile kanga asubuhi nyingi za shule, na bado nilipokaa mbele ya karatasi nilimchora mtoto niliyemjua kutoka kwenye mabango ya kuomba misaada. Huruma ilikuwa imenijaa kichwani, nikasahau kuangalia.

Miaka kadhaa baadaye nilihudhuria warsha ya wachoraji, na mwezeshaji alikuja na sanduku la vitabu vya nje. Aliniazima vitatu. Nilivipeleka Tanga kama mtu anayempelekea hakimu vielelezo.

Cha kwanza kilikuwa Susan Laughs cha Jeanne Willis, picha za Tony Ross, kilichotoka Uingereza mwaka 1999. Ukurasa baada ya ukurasa Susan anacheka, anabembea, anakasirika, anafanya utundu. Ukurasa wa mwisho tu ndipo unapomwona ameketi kwenye kiti cha magurudumu. Mimi kilinifurahisha mno. Mdogo wangu alikitazama kwa mashaka. Alisema kitabu hiki kinatega watu, na mtego umewekwa kwa ajili ya mtoto anayetembea. "Mimi nikiwa darasa la pili ningeshtuka nini? Ningeuliza tu kiti walikificha wapi wakati wote huo, na nani alimpandisha kwenye bembea." Nilikitetea. Tumebishana kuhusu Susan kwa miaka zaidi ya kumi sasa, na kila Idi akija nyumbani hunichokoza nacho.

Cha pili, Sosu's Call, kimeandikwa na kuchorwa na Meshack Asare wa Ghana. Kilitoka Accra mwaka 1997, na mwaka 1999 kilipata tuzo ya UNESCO ya vitabu vya watoto vinavyojenga uvumilivu. Sosu hawezi kutembea. Anaishi na wazazi wake kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kati ya wangwa na bahari, na wapo wavuvi wanaoamini ni nuksi kumchukua kwenye mtumbwi. Siku moja bahari inachafuka watu wazima wakiwa mbali, kijijini wamebaki wazee, wagonjwa na watoto. Sosu anajikokota hadi kwenye ngoma, anazipiga, watu wanarudi, kijiji kinaokoka. Hapa mdogo wangu alinyamaza. Alikaa sana kwenye picha za mwili unaojivuta chini, kwa sababu Asare anajua mtu anayejivuta huweka wapi viwiko. Sisi watu wa pwani pia hatukuhitaji kuelezewa upepo wala mtumbwi, wala ile imani ya nuksi. Alikisoma mara mbili. Halafu akauliza:

"Na kama upepo usingevuma?"

Nikamjibu kwamba hadithi lazima iwe na tukio. Alikubali. Lakini swali halikuondoka, na mimi nimeshindwa kuliondoa. Kama upepo usingevuma, Sosu angebaki uani na mbwa wake, hana shule, hana kiti cha magurudumu, hana mtumbwi. Alilazimika kuwaokoa watu wote ndipo apewe kile ambacho wenzake walipewa kwa kuzaliwa tu. Wanafunzi wetu wa sekondari wamesoma Takadini ya Ben Hanson, na huko nako mama analazimika kuikimbia jamii yake ili mwanawe mwenye ualbino aishi. Sisemi hadithi hizi ni za uongo. Wasomaji wa Tanzania wanajua vizuri kwa nini mama wa mtoto mwenye ualbino anaweza kukimbia usiku. Nasema tu kwamba mtoto akikutana na hizo peke yake, ataamini kwamba ili awe ndani ya kitabu sharti kwanza kuwe na dhoruba au panga.

Cha tatu kilikuwa Emmanuel's Dream, kilichotungwa na Laurie Ann Thompson na kuchorwa na Sean Qualls, Marekani, mwaka 2015. Kinamhusu Emmanuel Ofosu Yeboah, naye wa Ghana, aliyezaliwa na mguu mmoja usio na nguvu na ambaye mwaka 2001 aliendesha baiskeli kwa mguu mmoja kilomita kama 600 kwa siku kumi. Ni kisa cha kweli, na mdogo wangu hana ugomvi na watu wa kweli. Alipenda sana kwamba Emmanuel alikwenda shule akiruka kwa mguu mmoja njia nzima. Baada ya hapo alirudi kwenye picha za baiskeli akawa anazichunguza, na mimi nilishajua anatafuta nini: maji ya kunywa kayaweka wapi.

Jambo lililonibadilisha kabisa, hata hivyo, halikutoka kwa mdogo wangu. Mwaka 2016 nilipeleka boksi la vitabu kwenye shule moja ya msingi yenye kitengo cha watoto wasioona. Ni aibu kulieleza, lakini nitalieleza. Niliingia darasani na vitabu vya picha, nikawagawia watoto ambao hawaoni, nikasimama mbele nikitabasamu. Walivipokea kwa adabu. Mmoja alinusa kurasa. Mwingine, mvulana wa kama miaka kumi, alipapasa ukurasa wote kwa viganja viwili, juu hadi chini, akageuza, akapapasa tena, kisha akaniuliza kwa upole, "Mjomba, picha iko wapi?"

Nilirudi nyumbani nikaanza kugandisha. Sisi watu wa Tanga hatuna shida ya kamba. Nilichukua nyuzi nyembamba za mkonge, gundi ya mbao na kadibodi, nikafuatisha mistari ya picha zangu mwenyewe ili vidole viisome. Nyumba, mnazi, ngalawa, mbuzi. Nilijivunia mbuzi zaidi: nilimchora ubavu, kama tunavyochora wote, na ndevu nikamwekea za katani iliyochambuliwa. Nikarudi na picha hizo baada ya wiki mbili.

Yule mvulana alimshika mbuzi, akapita mgongoni, kwenye pembe, kwenye ndevu akacheka. Akashuka chini. Akahesabu. Akarudia.

"Huyu mbuzi ni mlemavu?"

Nilidhani ananitania.

"Ana miguu miwili. Na sikio moja. Jicho moja."

Darasa zima lilitaka kumshika mbuzi kilema. Mwalimu wao, naye haoni, alisubiri kelele zipungue ndipo akanieleza, taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Nyinyi mnachora kile kinachoonekana mkiwa mmesimama upande mmoja. Mnajua miguu mingine iko nyuma, kwa hiyo hamwichori, na mwenzenu mwenye macho anawasamehe. Huyu akimshika mbuzi anamshika wote.

Niliwahi kufundishwa uchoraji na watu wawili, na hakuna kati yao aliyenipa somo kama lile. Mbuzi wa pili nilimtandaza: kichwa mbele, pembe mbili, masikio mawili, miguu minne imetawanyika pembeni kama ngozi iliyowambwa juani. Watoto walimkubali papo hapo. Watu wenye macho niliowaonesha waliniuliza kama kagongwa na lori.

Baadaye nilisoma kwamba IBBY, shirika la kimataifa la vitabu vya watoto, lina mkusanyiko mzima wa vitabu vya namna hii. Ulianzishwa Oslo mwaka 1985, na tangu 2014 uko Kanada, katika maktaba ya umma ya North York mjini Toronto. Humo wameweka vitabu vyenye wahusika wenye ulemavu, na wameweka pia vile vilivyotengenezwa ili mtoto mwenye ulemavu aweze kuvisoma: vya nukta nundu, vya lugha ya alama, vya kitambaa na vitu vya kugusa. Hivi vya pili ndivyo nilivyokuwa sivijui kabisa. Nilikuwa nimetumia miaka nikiwaza nimchoreje mtoto asiyeona, na hata siku moja sikuwaza kwamba huenda naye angependa kuitazama hiyo picha, kwa vidole vyake. Mbuzi wa mkonge sijapata mchapishaji wa kumchapa. Gundi na nyuzi ni kazi ya mkono, nakala moja ni siku nzima, na hesabu ya pini mbili na kurasa 24 haimfai.

Vitabu vya kawaida naendelea navyo. Mwaka jana nilipewa hadithi ya kuku aliyepotea sokoni, mambo ya kuchekesha, haina mafunzo yoyote, namshukuru mwandishi. Ukurasa wa soko umejaa watu kama 40. Pembeni, karibu na meza ya nyanya, nilimweka msichana wa miaka tisa mwenye magongo. Anapita. Mhariri alinipigia simu: huyu wa magongo hatajwi popote, je, niliunganisha na mswada mwingine? Nikamwambia hapana, yupo sokoni. Akauliza anafanya nini. Nikamwambia ana dumu mgongoni, nadhani anatoka bombani. Akanyamaza kidogo, nikasikia anapekua, kisha akasema sawa, ila kuku asifunikwe na gongo.

Kabla ya kutuma picha ya mwisho nilimwonesha mdogo wangu. Miwani siku hizi anayo. Alihesabu mikono: miwili. Alipima kwapa kwa jicho, akatikisa kichwa kukubali. Raba zipo. Fundo liko chini ya kifua. Nilianza kuikunja karatasi.

"Subiri. Hii kanga haina jina."

Ni kweli. Nilikuwa nimeweka pindo, nimeweka mji, nimeweka korosho kila pembe, na pale maneno yanapokaa nikaacha peupe. Nikamwambia ni ndogo mno, hakuna atakayesoma. Akasema nani anavaa kanga isiyo na jina. Aliomba kalamu yenye ncha nyembamba, akainama juu ya meza, ulimi umetoka nje kama zamani, akaandika. Herufi ni ndogo kiasi kwamba nami sikuweza kuzisoma, na nilipomuuliza ameandika nini alisema nisubiri kitabu kitoke.

Kimetoka. Wino umevujavuja kidogo kiwandani. Bado sijui.